Mti wa Kuokota Siyo wa Bure: Jinsi ya Kutengeneza na Kuuza Mapambo ya Miti ya Bahari



Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo kama uko kazini na wateja wanaingia, lihifadhi ulisome jioni ukiwa umetulia. Wengi mmenifuata inbox kuuliza kuhusu zile fremu za vioo na mapambo ya kuning'iniza ninayoweka status. Swali linakuja lile lile: "Dada, si unaokota tu ufukweni? Hapo mtaji wako ni nini?"

Siwalaumu. Hata mimi nilianza na wazo hilo hilo. Ila mti niliouokota bure ulikuja kunigharimu shilingi 180,000. Ngoja nianzie hapo, halafu tuingie kwenye kazi yenyewe hatua kwa hatua, na mwisho tupige hesabu ya bei.

1. KILICHONIKUTA

Naishi Bagamoyo. Ninaposema miti ya bahari nina maana ya yale matawi, mizizi na vipande vya magogo ambavyo maji huvitupa ufukweni vikiwa vimesuguliwa na mchanga mpaka vimekuwa laini na rangi ya kijivu. Nilianza kwa kutengeneza kioo kimoja cha sebuleni kwangu. Jirani akakipenda, shangazi yangu akataka chake, nikapiga picha nikaweka mtandaoni, oda zikaanza.

Mwaka ule wa kwanza nikapata oda kubwa. Dada mmoja alikuwa anafungua nyumba ya wageni Dar es Salaam, akataka vioo sita kwa 30,000 kila kimoja, na alivitaka ndani ya wiki mbili. Jamani, nani anakataa 180,000? Nikaenda ufukweni, nikaokota miti mizuri, nikaisugua, nikaianika juani siku nne. Juu ilikuwa kavu kabisa. Nikabandika, nikapaka vanishi, nikapeleka. Vilipendeza mno. Akanilipa yote, na mimi nikalipia ada ya mwanangu.

Mwezi wa pili akanipigia simu. Wala hakufoka. Alisema tu, "Dada, njoo uone ulichoniuzia."

Nilichokikuta kule sikisahau. Chini ya vioo viwili ukuta mweupe ulikuwa na michirizi ya kahawia kama chai imemwagika. Vanishi ilikuwa imevimba na kubanduka. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu. Chini ya kioo cha tatu, mezani, kulikuwa na unga laini, na mfanyakazi akaniambia anaufuta kila asubuhi na kesho yake unarudi. Kioo kingine kilikuwa kimedondoka usiku na kuvunjika. Bahati nzuri chumba kilikuwa hakina mgeni.

Nilirudisha pesa yote kwa awamu tatu. Ya kwanza niliikopa kikoba.

Sasa shika jambo hili moja, hata ukisahau mengine yote: bahari inakupa mti bure, lakini haikupi mti mkavu, usio na chumvi, usio na wadudu. Hayo matatu unayaleta wewe kwa kazi yako, na hayo ndiyo mteja anayoyalipia.

2. KUOKOTA: WAPI, LINI, NA NINI CHA KUACHA

Miti mingi ya huku kwetu inaletwa na mito. Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo, na wakati wa masika unashusha matawi na mizizi kutoka bara. Yakifika baharini yanapigwa na mawimbi, yanasuguliwa, halafu yanatupwa pwani. Kwa hiyo msimu mzuri ni wakati wa masika na miezi inayofuata. Kama uko Pangani, Rufiji au popote penye mlango wa mto, angalia hivyo hivyo.

Siku nzuri ni baada ya bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji yale yanapanda juu kuliko siku nyingine, yakirudi yanaacha mstari wa mwani na takataka. Fuata mstari huo asubuhi, maji yakiwa yanatoka. Beba kiroba, glovu na msumari mmoja wa inchi tatu.

Msumari wa nini? Wa kupimia. Ukiuchoma kwenye mti na ukaingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, huo umeoza, uache. Ukigoma, gonga mti kwenye jiwe. Ukilia kwa sauti kavu, chukua. Ukitoa sauti nzito ya bubu, una maji mengi ndani au umeoza katikati.

Halafu nusa. Mti wenye matundu mengi ya mviringo umetobolewa na wadudu wa baharini, wale wale wanaokula vyombo vya mbao. Watu huwaita minyoo, lakini kwa kweli ni jamaa ya chaza na kombe. Ndiyo maana mafundi wa majahazi huchoma chini ya chombo kwa moto wa makuti na kupaka shahamu iliyochanganywa na chokaa. Kwetu sisi matundu yale ni urembo na wateja wanayapenda, na mdudu yule hawezi kuishi nje ya maji ya bahari. Ila kama mti umetoka majini juzi, bado yumo ndani, na akifa ananuka vibaya sana. Mti unaonuka uache ufukweni, jua limalize kazi.

Vya kuacha ni hivi:

- Mbao zilizopakwa rangi, hasa vipande vya boti. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na zile za chini ya boti zina sumu ya kuzuia viumbe wasishike. Ukipiga msasa unavuta vumbi hilo wewe na watoto.
- Vipande vyenye misumari iliyozama ndani. Msumeno wako utakufa siku hiyo hiyo.
- Gogo kubwa lililozama kwenye mchanga. Usichimbue. Linashikilia mchanga, na juu ya mstari wa maji ndipo kasa wanapotaga.
- Chochote kilichomo ndani ya hifadhi. Kaskazini yetu kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ndani ya hifadhi ya taifa huondoki na kitu bila ruhusa, hata kama kinaonekana ni takataka.

Na kabla hujabeba mzigo, ongea na watu wa pale. Ufukwe una wenyewe. Pitia kwa mwenyekiti wa mtaa, ongea na uongozi wa wavuvi. Ukitaka kusafirisha mzigo mkubwa wa miti, uliza kwanza ofisi ya misitu ya wilaya kama unahitaji kibali. Usisubiri kuulizwa kizuizini.

Kuna jambo lingine watu wa mjini hawalioni. Kile unachokiita pambo, mama mwingine pale pale ni kuni za jioni. Mara yangu ya pili kuokota, bibi mmoja alinitazama nikijaza kiroba, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hizo unazochagua nzuri nzuri ndizo zinazowaka." Niliona aibu. Tangu siku hiyo nanunua kutoka kwa akina mama wanaookota. Wananiwekea vipande vyenye maumbo, nawalipa zaidi ya bei ya kuni, na mimi sishindi juani. Kila mtu anapata.

3. TAHADHARI KUBWA: MIKOKO

Hapa naomba uniskilize vizuri.

Nilipotangaza kwamba nanunua miti ya bahari, siku ya tatu vijana wawili wakaniletea mzigo mzuri ajabu. Imenyooka, mizito, inafanana yote. Nikafurahi. Nilipoigeuza nikaona gome bichi na alama ya panga. Ilikuwa mikandaa, imekatwa asubuhi ile.

Mikoko ni msitu unaolindwa kisheria, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kuikata bila kibali ni kosa. Tukiacha sheria, mikoko ndiyo inakozaliana na kukulia samaki, kaa na kamba tunaowala, na ndiyo inayozuia bahari isile ardhi. Tangazo langu la biashara lilikuwa limetuma watu kukata msitu, na mimi sikujua.

Sikuwalipa, na niliwaeleza kwa nini. Mmoja alikasirika. Nilimwelewa, maana alikuwa ametoka jasho. Toka siku hiyo tangazo langu lina masharti: nanunua mti wa kijivu tu, usio na gome, usio na alama ya panga, na kingo zake ziwe zimelainika. Mti uliotupwa na bahari hauna ncha kali iliyokatwa. Weka sharti hilo siku ya kwanza, siyo baada ya kuletewa mzigo.

4. KUANDAA MTI (HAPA NDIPO NILIPOKOSEA)

Kazi hii inachukua wiki nne mpaka sita. Ukikosa subira hapa, utalipa kule mbele kama nilivyolipa mimi.

Hatua ya kwanza, kusugua. Tumia brashi ngumu na maji baridi. Toa mchanga, mwani, magamba na sehemu zote zilizolainika. Kwenye matundu tumia msumari au mswaki wa zamani.

Hatua ya pili, kuloweka. Weka kwenye pipa la maji ya kawaida siku saba, ukibadilisha maji kila siku. Hii ndiyo inayotoa chumvi. Chumvi iliyobaki ndani huvuta unyevu wa hewani, na huku pwani hewa yetu yote ni unyevu. Ndiyo iliyofanya vioo vyangu "vilie" ukutani na skrubu zishike kutu. Mimi naloweka zaidi wakati wa mvua, kwa maji ya paani, maana maji ya kununua yanakula faida. Kipimo ni hiki: toa kipande kimoja kidogo, kianike mpaka kikauke. Kikitoa unga mweupe juu, chumvi bado ipo. Endelea.

Hatua ya tatu, kuchemsha. Usiruke hatua hii. Kuloweka kunatoa chumvi, lakini wadudu wa mbao wa nchi kavu na mayai yao wanaweza kubaki ndani. Wale ndio waliotoa unga mezani kwa yule dada. Kinachowaua ni joto likifika katikati. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo, inayoitwa ISPM 15, inataka nyuzi joto 56 katikati ya mbao kwa dakika 30. Mimi nakata pipa nusu, naweka maji, nachemsha. Kipande chenye unene wa sentimita 5 nakipa saa moja na nusu toka maji yalipoanza kutokota. Magogo manene zaidi ya hapo siyatumii kabisa.

Ukitaka mti uwe mweupe zaidi, baada ya hapo uloweke siku moja kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kikombe kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 10, halafu suuza vizuri mara mbili. Fanyia nje penye hewa, vaa glovu. Usichanganye dawa hiyo na siki, ndimu wala dawa ya choo. Inatoa hewa yenye sumu.

Hatua ya nne, kukausha. Usianike jua kali moja kwa moja, mti utapasuka. Weka kivulini penye upepo, juu ya chanja au matofali ili hewa ipite chini. Sasa utajuaje umekauka? Siyo kwa kugusa. Mimi nilidanganywa na kugusa. Chagua vipande vitatu, viandike namba, vipime kwenye mizani ya jikoni kila Jumamosi na uandike kwenye daftari. Kila wiki uzito utashuka. Ukipata uzito ule ule wiki mbili mfululizo, mti umekauka. Kwangu inachukua wiki tatu, wakati wa mvua nne na zaidi.

Hatua ya tano, kulaza. Laza vipande juu ya karatasi nyeusi au kitambaa cheusi ndani ya nyumba, usivisogeze kwa siku kumi. Ukiona vijilima vya unga laini, kipande hicho kina mdudu hai. Kirudishe kwenye pipa la kuchemshia au kitoe kabisa.

Na mabaki usiyapikie. Mti wenye chumvi ya bahari ukiungua unatoa moshi wenye sumu kuliko kuni za kawaida.

5. KUTENGENEZA KIOO CHA UKUTANI

Vitu vya kuanza navyo ni vingi: hanga za funguo, mapambo ya kuning'iniza kwa kamba ya katani, stendi za taa. Ila kioo ndicho kinachouzika zaidi kwangu, basi tuchukue hicho.

Unahitaji kioo cha duara cha sentimita 30 kutoka kwa fundi vioo (mwambie akipige msasa kingo), kipande cha plaiwudi kilichokatwa duara la sentimita 45, gundi nyeupe ya mbao, gundi ya kioo, skrubu fupi zisizoshika kutu, msasa, vanishi na vipande vya mti kama 40 vya sentimita 8 mpaka 15.

Piga msasa mti kidogo tu, namba 120 halafu 220, pale penye vibanzi. Usiumalize wote mpaka ufanane na mguu wa meza. Mteja anataka alama za bahari zionekane.

Bandika kioo katikati ya plaiwudi kwanza, ukiacha mzunguko wa sentimita saba na nusu. Kifunike kwa karatasi. Panga miti yote bila gundi, ipige picha kwa simu, halafu ndiyo ubandike ukifuata picha. Vipande vinavyolala chini kabisa vipigwe skrubu kutoka nyuma ya plaiwudi, viwili viwili. Gundi peke yake kwenye mti wenye mabonde haitoshi. Tabaka la juu linaweza kushikwa na gundi. Acha saa 24.

Vanishi paka mikono miwili myembamba, isiyong'aa. Ukitumia mafuta ya kitani badala ya vanishi, matambara uliyopakia yatandaze nje yakauke. Usiyakunje na kuyarundika, yanaweza kushika moto yenyewe.

Nyuma weka pete mbili za kuning'inizia zilizopigwa skrubu, na waya katikati. Halafu fanya jaribio nililojifunza kwa gharama: ning'iniza kioo ukutani kwako, funga chini yake chupa za maji zenye uzito sawa na kioo chenyewe, acha usiku mzima. Kikilala salama, kinaweza kwenda kwa mteja.

Usiongeze matumbawe kama pambo hata mteja akiomba. Matumbawe yako kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, na mgeni anaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege. Na mteja anayesafiri kwenda Australia au New Zealand mwambie mapema kwamba kule wanakagua kila kitu cha mti. Bora upoteze oda moja kuliko jina.

6. BEI: HESABU ILIYONIFUNGUA MACHO

Zamani kioo kimoja niliuza 20,000. Nilihesabu hivi: kioo 7,000, plaiwudi 3,000, jumla 10,000, basi faida 10,000. Nikawa najiona tajiri, lakini mwisho wa mwezi sina kitu. Siku moja nikakaa na daftari nikaandika kila kitu kwa bei za kwangu:

- Kioo: 7,000
- Plaiwudi: 3,000
- Gundi, msasa, skrubu, vanishi: 3,500
- Miti kutoka kwa akina mama: 2,000
- Kuni za kuchemshia na maji: 1,500
- Boksi, karatasi, solotepu: 1,500
- Bando na nauli: 1,000

Jumla 19,500. Kwa hiyo nilipouza 20,000 nilikuwa nabaki na shilingi 500. Mia tano! Na nilikuwa nimetumia saa nne na nusu za mikono yangu, ukiacha wiki za kusubiri.

Sasa hivi nahesabu hivi. Gharama 19,500. Kazi yangu saa nne na nusu kwa 3,000 kila saa, 13,500. Jumla 33,000. Naongeza asilimia 10 ya vinavyoharibika, 3,300, inakuwa 36,300. Nauza 45,000. Zile 8,700 zinazobaki ni za biashara, siyo za mboga. Ndizo zitakazonunua msumeno mpya, ndizo zitakazokusaidia siku mteja akirudisha mzigo.

Badilisha namba ziwe za kwako. Ila kazi yako iandike kwenye hesabu. Ukiiacha, unamlipa mteja ili achukue kioo chako.

Utapoteza wateja wa 20,000. Mimi niliwapoteza. Mmoja aliniambia, "Dada, mti wa kuokota ndiyo 45,000?" Sikubishana naye. Nilimtumia picha nne: pipa la kuloweka, pipa la kuchemshia, daftari la uzito, na kioo kikiwa kimefungwa chupa za maji. Hakununua siku ile. Ila tangu hapo nikajua picha zipi za kuweka status.

7. PICHA, MAELEZO NA KUFUNGA MZIGO

Picha: asubuhi karibu na dirisha, bila flashi. Piga moja kwa mbele, moja kwa upande unene uonekane, moja ya nyuma pete zionekane, na moja ukutani pembeni ya kiti ili mteja ajue ukubwa.

Maelezo: andika vipimo, uzito na namba ya kipande. Miti miwili haifanani hata siku moja, kwa hiyo usitumie picha ya kioo kimoja kuuza kingine. Mimi naandika hivi:

"Kioo namba 27. Upana sm 58, uzito kilo 3.5. Mti wa bahari, umelowekwa siku 7, umechemshwa, umekaushwa wiki 4. Kimejaribiwa kwa uzito mara mbili. Kisiwekwe bafuni wala nje. Kikitoa unga au michirizi ndani ya miezi 6, nakuja kukichukua na pesa yako unarudishiwa. Bei 45,000, usafiri mbali."

Ahadi ile ya miezi sita usiiandike kama hujafanya hatua zote za sehemu ya nne. Itakuumiza.

Kufunga: bandika solotepu ya karatasi juu ya kioo kwa umbo la msalaba, kikivunjika vipande visitawanyike. Weka karatasi zilizokunjwa kati ya matawi, funika kwa boksi mbili. Piga picha mzigo ukiwa wazi, ukiwa umefungwa, na risiti ya basi. Tuma zote kwa mteja kabla gari haijaondoka. Oda ya kutengenezewa chukua nusu kwanza, na muda sema ukweli: wiki sita. Anayetaka ndani ya wiki mbili mwoneshe vilivyo tayari. Kama hamna, mwambie hamna.

8. MWISHO

Yule dada wa nyumba ya wageni nilimaliza kumlipa mwezi wa tatu. Sikutegemea kumsikia tena. Baada ya miezi saba akanitumia ujumbe. Alikuwa ananifuatilia status kimya kimya. Akataka kioo kimoja, cha nyumbani kwake, siyo cha wageni. Sikumpunguzia bei na hakuniomba nipunguze. Aliuliza swali moja tu: "Hiki umekipima?"

Nikamtumia picha ya ukurasa wa daftari wenye uzito wa Jumamosi tano. Akalipa.

Kazi ya wiki hii: kama unauza chochote cha kutengeneza kwa mkono, siyo lazima miti, hata sabuni, hata keki, chukua bidhaa moja tu, andika kila gharama, halafu andika saa zako. Ukipata jibu kama langu la shilingi 500, usione haya. Panga bei upya kabla ya oda inayofuata.

Tukutane somo lijalo. Kazi njema.